Balozi Aliyefunua Nyasi za Watu

Sikumpenda Balozi, na miaka yote aliyokaa kaburini haijanilainisha. Nasema hivyo mapema kwa sababu siku hizi nasikia anasifiwa, hasa na watu ambao hakuwahi kuingia nyumbani kwao, na sitaki mtu asome hadi katikati ndipo agundue kwamba anayeandika ni adui. Alikuwa mwanamke mjane, mrefu, mkavu, mjumbe wa nyumba kumi katika kijiji chetu upande wa Ijumbi, huku Muleba. Cheo hicho ndicho kilichokuwa jina lake. Wajukuu wake walimwita Balozi, na hata padri alimwita Balozi alipokutana naye njiani. Zile nyumba kumi alizihesabu kama vyumba vya nyumba yake moja, na ya kwangu ilikuwa ya saba ukitokea barabarani.

Alikuwa na fimbo ya mti wa kahawa, nyembamba, iliyochongwa ncha. Hakuitumia kutembelea, maana miguu yake ilikuwa mizima kuliko yangu. Aliitumia kufunulia nyasi. Enzi hizo, uhuru ukiwa bado mpya na ujamaa ukiwa neno la kwenye redio, nyumba zetu nyingi hazikuwa na saruji. Sakafu ilikuwa udongo, na juu ya udongo tulitandika nyasi laini tulizokata rweya, ule uwanda wazi ulio nje ya vibanja vya migomba. Mgeni alikaa juu ya nyasi, mtoto alijifunza kutambaa juu ya nyasi, na mwanamke alipimwa kwa nyasi zake. Nyasi mbichi zikinukia hadi uani, watu walijua nyumba ile ina mwenyewe.

Sasa, kuna namna mbili za kutandika. Ya kwanza ni kuzitoa nyasi zote za zamani, kufagia udongo, kisha kuleta mpya. Ya pili ni kumwaga mpya juu ya kuukuu na kunyamaza. Mgeni hataona kitu, atanusa tu ubichi. Kila mwanamke kijijini aliapa kwamba anajua ile namna ya kwanza tu, na kila mwanamke, siku ambayo mgongo ulimuuma au wageni walimwahi, alifanya ya pili. Balozi alilijua hilo, ndiyo maana akatembea na fimbo.

Hodi alikuwa anaipiga akiwa ameshaingia. Unageuka kutoka jikoni, unamkuta katikati ya nyumba, ncha ya fimbo imezama kwenye nyasi zako. Alianza mahali mbwa anapolala, au paka kama huna mbwa. Akishafunua, alipandisha gauni hadi magotini, akasimama palepale na mguu mmoja mbele, kimya, akihesabu moyoni hadi mia. Kisha aliinama kuangalia ugoko wake. "Wanne," alikuwa anatangaza, kwa sauti ya kufika kwa jirani. Alimaanisha viroboto waliomrukia. Ugoko ule ulikuwa mizani ya kijiji, na sijapata kuona mguu wa mwanamke ukiogopwa namna ile.

Hakuna aliyemwuliza nani alimpa kazi hiyo. Chama kilimpa ujumbe, hakikumpa viroboto. Lakini alisema nyumba kumi ni zake, na kila kilicho ndani ya nyumba kumi ni chake, hata kile kinachoruka. Alipenda usemi huo, akaurudia kwenye mikutano hadi watu wakawa wanautamka pamoja naye chinichini.

Na alikuwa anajua. Hapo ndipo penye uchungu, kwamba mtu ambaye sikumpenda ndiye aliyenifundisha kitu pekee ambacho wanawake wa pande hizi bado wananijia kuniuliza. Somo lake lilikuwa hili: kiroboto anakula kwa mbwa, lakini kulala analala kwako. Ukimwogesha mbwa ukaacha nyasi, umefukuza watu mezani ukawaachia vitanda. Kwa hiyo alianza na sakafu siku zote. Nyasi zote nje, mpaka udongo uonekane, mpaka kwenye pembe na chini ya kitanda, hasa chini ya kitanda. Zisimwagwe kwenye mgomba wa karibu na mlango, kama tulivyozoea kufanya ili ziwe mbolea, kwa sababu mbwa atakwenda kujilaza palepale na kuwarudisha ndani wote. Zichomwe mbali. Halafu majivu, ya maganda ya ndizi yaliyokaushwa kwa sababu hayo ni makali, yachekechwe, yamwagwe kwenye nyufa na yakae siku nzima. Halafu moshi. Alitia makaa kwenye chungu kilichovunjika, akajaza majani mabichi ya kivumbasi na mkaratusi, akafunga mlango na madirisha, na sisi wote tukakaa uani tukikohoa.

Mbwa ndiye aliyefuata. Pembeni mwa kibanja chake Balozi alikuwa na safu ya muluku, mmea ambao wengine waliupanda kufukuza fuko tu. Aliyatwanga majani yake, akayaloweka tangu asubuhi hadi jua la utosi, akayachuja kwa kitambaa. Alianza kuosha shingoni, akazungusha pete ya dawa, ili viroboto wakikimbia kutoka mgongoni wasiingie masikioni. Mdomo wa mbwa aliushika mwenyewe hadi manyoya yakauke, asijilambe. Maji yale hayakuruhusiwa kumwagwa karibu na kijito, kwa kuwa muluku unaua samaki, na mtu aliyemwaga alisemwa kwa mwezi mzima. Kwa watoto wa mbwa alitumia kivumbasi peke yake. Paka hakumwosha kwa muluku hata kidogo, maana paka hulamba kila kitu alichonacho mwilini. Paka alipewa kitana cha meno ya karibu, majivu laini na jua. Na kazi yote ilirudiwa siku ya nane, kisha ya kumi na tano. Mayai, alisema, hayasikii dawa, yanasikia siku.

Siku moja alikuja kijana wa mifugo kwa baiskeli, na kopo la unga mweupe. Akawanyunyizia mbwa wote uwanjani, akaandika kwenye daftari, akaondoka. Baada ya wiki tatu tulikuwa tunajikuna kama zamani. Aliporudi, Balozi alimkaribisha vizuri, akampa kiti na ndizi za kuchoma, kisha mbele ya watu akamwomba avue viatu, akunje suruali na asimame juu ya nyasi za nyumba moja hadi mia. Kijana alikunja suruali. Nakiri siku hiyo nilicheka hadi machozi, na kwa muda wa jioni moja nilimpenda.

Mikono yake kwa wanyama ilikuwa na upole ambao hakuwahi kuutumia kwa binadamu. Nimemwona amepakata jibwa la mwindaji, jitu la kuuma watu, akimnong'oneza kwa Kihaya kama mtoto mwenye homa, na jibwa limetulia. Hapohapo akainua kichwa na kumwambia mke wa mwindaji, mbele ya mama mkwe wake, kwamba mbwa huyu anahitaji mke mwingine nyumbani. Dawa alitoa bure. Hakupokea yai wala mkungu. Malipo yake yalikuwa ni kukusema, na hapo hakupunguza bei.

Haki yake nitampa, ingawa inanikaba. Nyumba yenye msiba hakuingia na fimbo. Aliiegemeza kwenye mgomba wa nje, akaingia mikono mitupu, akalia na wenyewe kama walivyolia. Mke wa mtu alipopigwa, Balozi alikwenda kwa huyo mume mchana kweupe, na sikusikia kwamba mume yeyote alirudia ndani ya nyumba zile kumi. Alipoambiwa siri haikutoka. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba mtu anayetunza siri za wengine vizuri namna hiyo anaweza pia kuitunza ya kwake.

Yeye alikuwa na paka, wa kijivu, aliyelala ndani ya kikapu cha kahawa na kula kabla ya mwenye nyumba. Tulimjua paka yule kama tulivyomjua padri. Ila hakuna mtu aliyewahi kufunua nyasi za Balozi. Nani angezifunua, na kwa fimbo ipi?

Mimi nililetwa pale nikiwa mgeni mara mbili. Nilikuwa mtoto wa Walutheri wa upande wa Maruku, nikaolewa kwenye kijiji ambacho kila kengele ilikuwa ya Wakatoliki, na mume wangu alibaki akifanya kazi ya shamba kwenye kituo cha utafiti hukohuko Maruku. Alikuja mwisho wa mwezi, akalala siku mbili, akaondoka. Ili nisiogope peke yangu aliniletea mbwa, mwekundu, mwenye sikio moja lililolala, na akampa jina Watasema. Alisema watu watasema kwamba ameoa mke akamwachia mbwa, basi bora amwite hivyo kabisa. Watasema alinifuata kisimani, sokoni, kanisani hadi mlangoni. Nilipojifungua Koku, binti yangu wa kwanza, alilala kizingitini siku tatu bila kwenda kula. Sijui kama ninyi mnaelewa mbwa wa namna hiyo. Kwa miezi mingi ndiye mtu pekee niliyezungumza naye kutwa.

Koku alikuwa na wiki mbili walipokuja wageni wa ujamaa. Habari ilikuwa imeenea kwamba watu watahamishwa kutoka vibanja vya babu zao wapangwe kwa mistari, na kijiji kizima kilikuwa na hofu. Wageni kutoka wilayani walikuwa waje Alhamisi kutueleza. Wakaja Jumanne. Mkutano wa wakubwa ulifanyika ndani, nyumbani kwa Balozi, na sisi wanawake tukawa uani tunamenya ndizi. Nami nilikwenda, mtoto mgongoni, Watasema nyuma yangu, akajilaza mlangoni pa Balozi kama kawaida yake.

Kupitia dirishani tulimwona mgeni mkubwa akieleza kwamba hakuna atakayenyang'anywa mgomba wake. Katikati ya sentensi alijikuna. Akaendelea, akajikuna tena, sasa kwa mikono miwili. Mwenzake akasimama na kupandisha suruali. Mwishowe walitoka nje wote wakamalizia hotuba wamesimama juani, na mgeni mkubwa akasema kwa mzaha kwamba kijiji hiki kina wakazi wengi kuliko alivyoandikiwa. Watu walicheka. Balozi hakucheka. Nilimwona uso ukimkauka, nami, Mungu anisamehe, nilimwonea huruma.

Kesho yake alikuja kwangu. Hakuja peke yake, alikuja na wanaume wawili na majirani waliofuata fimbo. Mimi sikuwa nimekwenda rweya tangu kujifungua. Wifi yangu alikuwa amenikatia mzigo mmoja wa nyasi, na kwa mgongo niliokuwa nao nilizitandika pembe ya mlangoni juu ya zile za zamani. Ndiyo, nilifanya hivyo, mara hiyo moja, na sijawahi kukana. Fimbo iliingia palepale. Akafunua za juu mbichi, za chini nyeusi, akawaonyesha watu mmoja mmoja. Akapandisha gauni. Akahesabu.

"Tisa," akasema. Kisha akamnyooshea fimbo Watasema. "Huyu anafuata mguu wa mwenye nyumba hii kila anakokwenda. Jana alilala mlangoni kwangu. Aliyewapelekea wageni viroboto ni huyu."

Nilikuwa nimekaa na mtoto kifuani. Nilimjibu kwa heshima zote nilizofundishwa: "Waitu Balozi, wewe mwenyewe ndiye uliyetuambia kiroboto halali kwa mbwa."

"Leo amelala," akasema.

Nilimwomba anipe siku ya nane. Nilimwambia nitatoa nyasi zote, nitamwosha kwa muluku, nitafanya kila alichotufundisha, na kama ugoko wake utaona hata mmoja, basi mbwa auawe. Alijua kwamba dawa ile inafanya kazi. Hakuna aliyejua kuliko yeye. Akasema kijiji hakiwezi kusubiri siku nane wakati wilaya imeshaandika. Kamba niliifunga mimi mwenyewe, kwa sababu Watasema hakukubali mtu mwingine amguse shingoni, na nikawakabidhi wale wanaume. Alikwenda nao akigeuka nyuma, akidhani ninamfuata. Walirudi na kamba tupu, wakaitundika kwenye mgomba.

Kilichobaki ni jina. Kabla ya mwezi kwisha nilikuwa Mama Viroboto. Siku ya kumtoa Koku nje na kumpa jina, wageni walikuja, walikula ndizi, walikunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, lakini waliomba kukaa uani. Mama mkwe wangu alibeba mkeka wake kutoka kwake hadi kwangu, akaukunjua juu ya nyasi nilizokata siku hiyohiyo, ndipo akakaa. Mume wangu alipofika mwisho wa mwezi aliitazama ile kamba akaniuliza jambo moja tu, kama ni kweli nilitandika juu ya kuukuu. Nikamwambia kweli. Hakuniuliza tena kuhusu mbwa, na hakuleta mwingine. Koku alikua, akaenda shule, akarudi siku ya kwanza akiuliza kwa nini wenzake wanajikuna anapokaa karibu nao. Siku hiyo ndiyo nilipoacha kumsalimia Balozi kwa kupiga goti. Niliinamisha kichwa tu, naye aliona.

Chuki ina faida zake. Niliishika elimu yake yote kwa ubaya. Kila baada ya wiki mbili nyasi zangu zilitoka nje, mvua inyeshe, niwe na mimba, niwe na malaria. Majivu yangu yalikuwa meupe kuliko unga. Nilipanda muluku wangu mwenyewe ili nisiende kuomba kwake. Kila mwezi Balozi alikuja na fimbo, akafunua pembe ileile ya mlangoni, akapandisha gauni, akahesabu hadi mia, akaangalia ugoko. Hakupata hata mmoja, kwa miaka yote. Alisema "mm" na kutoka. Nilikuwa nangoja aseme neno jingine, aliseme kwa ile sauti ya kufika kwa jirani. Kwa sababu kama mbwa alikufa na viroboto wakaisha kwangu, watu wangesema alikuwa sahihi. Nilitaka aseme kwamba nyumba yangu ni safi kwa kazi yangu, na kwamba ilikuwa inaweza kuwa safi mbwa akiwa hai. Neno hilo lilikuwa rahisi kwake. Mwenyewe sikuweza kujisemea, maana nani anamwamini Mama Viroboto?

Alizeeka ghafla, baada ya vita, wakati wa shida ya sabuni. Macho yalikwenda kwanza, kisha miguu. Wanawake wenye mbwa na paka wakaanza kuja kwangu kimya kimya, tena wakija kwa njia ya nyuma ya kibanja. Halafu mchana mmoja akaja mkamwana wake, yaani mke wa mtoto wake, mwanamke mpole aliyeolewa kutoka mbali na kukuta mambo haya yameshapita. Akasema Balozi analiwa na viroboto kitandani, mwili umevimba, na amekataa kila mtu. Anataka mke wa Maruku. Ndivyo alivyoniita.

Nilikwenda na majivu yangu, kivumbasi changu na ufagio. Sitadanganya kwamba nilikwenda kwa huruma. Nilikwenda kwa sababu nilijua mtu hamwiti adui yake kabla ya kufa bila kuwa na neno la kumwambia. Mkamwana alikuwa ameleta mizigo miwili mikubwa ya nyasi mbichi kutoka rweya. Akaniachia nyumba, akaenda Rubya kufuata dawa za mkwewe hospitalini. Nilimwinua Balozi, alikuwa mwepesi wa kusikitisha, nikamkalisha kwenye kiti karibu na mlango, penye jua. Fimbo alikuwa nayo mkononi. Paka mwingine wa kijivu, sijui mjukuu wa yule wa kwanza, alikuwa amelala miguuni pake.

Nikaanza kutoa nyasi sebuleni. Chini ya za juu kulikuwa na nyingine, na chini ya hizo nyingine tena, zimeshikana kama mkate wa ngano ulioharibika. Balozi alisikia mikono yangu ikisita.

"Ziko ngapi?" akauliza.

"Tabaka tatu."

 Nilitoa, nikachoma kule mbali, nikafagia, nikamwaga majivu kwenye nyufa, nikarudi. Alisikia hatua zangu, akaanza kusema akiwa ameelekeza uso nje.

"Wale wageni walikuja Jumanne," akasema. "Nilikuwa nimewapangia Alhamisi. Paka alikuwa amezaa chini ya kitanda wiki tatu kabla, sikumsogeza. Nikakata nyasi alfajiri, nikatandika juu."

Niliuliza kama ninaelewa vizuri. Nilimwuliza viroboto wale walikuwa wa nani.

"Walikuwa wangu. Nilijua tangu alipojikuna mara ya kwanza."

"Na Watasema?"

"Ungetaka Balozi awe na viroboto? Nani angenisikia tena? Wewe ulikuwa mgeni, huna mtu, mume yuko mbali. Nilijua utavumilia." Akapapasa kichwa cha fimbo. "Na umevumilia."

Nilikuwa nimeshika ufagio.  Nikamwambia, bila kupandisha sauti, kwamba mkamwana wake atarudi jioni, na Jumapili wanawake watapita hapa kumsalimia baada ya misa kama wafanyavyo. Namwomba neno hilihili alilonipa aliseme mbele yao. Si lazima ajilaumu. Aseme tu kwamba viroboto walikuwa wa kwake, ili Koku, ambaye sasa alikuwa anakaribia kuolewa, asiende kwa watu na jina la mama yake.

"La nini sasa," akasema. "Nimekuambia wewe. Mbwa hafufuki. Unataka nife nikichekwa?"

"Waitu Balozi, mimi nimechekwa nikiwa hai."

"Wewe umezoea," akasema. Kisha akaniuliza kama nimefika chini ya kitanda, kwa sababu huko ndiko kwenye kazi.

Nilikuwa sijafika. Nilikwenda chumbani. Kitanda chake kilikuwa cha miti, chini, na nyasi zilizokuwa chini yake na pembeni mwake zilikuwa nyeusi na zenye joto. Nilipopeleka mkono niliwaona wakiruka, wadogo, wengi, wakanijaa hadi kwenye kiwiko. Nilijua kila kitu kilichotakiwa kufanywa pale, na kwa mpangilio gani, na nani alinifundisha. Kutoka pale alipokaa Balozi hakuona kitu, hata kama angekuwa na macho.

Nikaenda uani, nikachukua mzigo wa pili wa nyasi mbichi. Nikazitandika juu ya zile kuukuu, kwa unene, kwa mikono miwili, nikizisawazisha hadi pembeni, hadi chini ya kitanda kabisa. Kazi nzuri. Mtu yeyote angeingia pale angesema nyumba hii ina mwenyewe.

Nikambeba Balozi na kumlaza. Alivuta pumzi ndefu, akapeleka mkono chini ya kitanda, akashika nyasi na kuzinusa.

"Mbichi," akasema. "Sasa naweza kulala. Sikupata mwanafunzi mwingine kama wewe, Mama Koku. Siku ya nane usisahau."

Nikamjibu kwamba sitasahau. Nikachukua ufagio wangu, nikanawa mikono na miguu uani, nikaenda zangu.

Siku ya nane ilipofika niliikumbuka tangu asubuhi. Nilitoa nyasi zangu zote nje, nikafagia udongo, nikatandika mpya, kisha nikakaa mlangoni kumenya ndizi za mchana.